Boriti ya Tatu Kutoka Mlangoni

Neno boriti nililijua kanisani kabla sijaiona boriti yenyewe. Nilikuwa mtoto, nimebanwa kwenye benchi kati ya mama na shangazi, na padri akieleza habari za yule mtu anayekiona kibanzi kwenye jicho la mwenzake huku ana boriti kwenye jicho lake. Kibanzi nilikijua, maana nyumbani tulipikia kuni. Boriti sikuijua, na sikuuliza, kwa sababu tangu utotoni nina ugonjwa wa kujifanya najua. Nikaamua moyoni kwamba ni mdudu. Kwa miaka mingi nilimwonea huruma yule mtu mwenye mdudu jichoni.

Naanza na mdudu huyo ili msomaji ajue mapema ni mtu wa aina gani anayemsimulia. Haya ninayoyaandika nimeshindwa kuyasema kwa mdomo, mimi ambaye mdomo ndio uliokuwa jembe langu.

Boriti ya kweli niliiona nikiwa na miaka ishirini na sita, mwalimu mpya wa Kiswahili, nilipopanga chumba kwa Bibi. Jina lake silitaji. Nyumba yake ilikuwa Rohero, katikati ya mji, karibu na lilipokuwa soko kuu: duka la vitambaa mbele, vyumba nyuma, ua mdogo katikati, na juu ya chumba kimoja cha mbele dari nzito ya kuwekea mizigo. Aliyeijenga ni baba yake, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Omani. Bibi alizaliwa humo, akaolewa humo, na mume ndiye aliyehamia kwake, jambo ambalo majirani walilisema kwa sauti ya chini na yeye akalisema kwa sauti ya juu.

Chumba changu kilikuwa hicho cha mbele, kirefu na chembamba. Ukinyoosha mikono na kupiga hatua mbili, umeshagusa kuta zote. Alasiri ya kwanza nililala chali kwenye godoro nikahesabu miti iliyobeba dari. Ilikuwa kumi na tisa, ya mviringo, myeusi, kila mmoja umelala kutoka ukuta hadi ukuta. Kesho yake nilimuuliza Bibi ni miti gani.

"We unafundisha Kiswahili na haujui boriti?"

Nikamwambia najua, nilitaka tu kuhakikisha.

Akanieleza kama anavyoelezwa mtu asiyejua. Boriti ni mkoko, mti unaoota pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka. Hauchanwi mbao. Hukatwa ukiwa mzima, ukalazwa juu ya kuta mbili, ukabeba dari au ghorofa. Baba yake aliziagiza pwani, zikaja kwa garimoshi hadi Kigoma na kwa meli kuvuka ziwa hadi hapa, kwa kuwa hakuamini mti mwingine wowote. Mchwa hawali mkoko, chumvi imeuingia hadi moyoni. Na kwa sababu mkoko ulionyooka haupatikani mrefu sana, mwenye nyumba haamui upana wa chumba chake.

"Mutu anajenga kufuata boriti," alisema. "Boriti haimufuate mutu."

Akanipandisha kwenye kiti, akanionyesha ncha ya boriti mahali ilipotokeza kidogo ukutani, akaniambia nirambe nionje chumvi. Nikaramba. Nilionja vumbi. Nikamwambia ni kweli, kuna chumvi, akafurahi sana.

Kisha akanionyesha mti wa tatu kutoka mlangoni. Kwa macho yangu ulifanana na mingine, ila ulikuwa umelegea katikati, kama mgongo wa punda mzee. Huo, alisema, si boriti. Shehena ya baba yake ilifika imepungua mti mmoja. Pengine uliangukia ziwani, pengine kuna mtu Kigoma aliupenda. Baba akaweka mkaratusi wa hapa hapa mpaka boriti nyingine ije. "Akasema iko ya muda tu," Bibi alinieleza, na wakati ule muda huo ulikuwa umefika miaka arobaini na zaidi.

Nikamwambia, ili nami nichangie kitu, kwamba neno lenyewe bila shaka ni la Kiarabu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Apana. Siye Waarabu ule muti tunauita chandali. Boriti, baba alisema, ni neno la Wahindi waliokuwa wanaiuza. Watu wanaona nyumba ya Mwarabu, wanafikiri kila kitu ndani ni Kiarabu."

Nililiandika hilo kwenye daftari langu. Ninalo hadi leo, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba nilisahau.

Nilikaa kwa Bibi miaka saba. Nilioa nikitokea kwake, na yeye ndiye aliyemfundisha mke wangu kupika pilau. Tulipohamia Carama, nje kidogo ya mji, kila Idi tulikwenda Rohero na watoto, na kila Krismasi alituma sambusa kwa teksi, zimefungwa kwa kitambaa. Soko kuu lilipoungua, moshi uliingia hadi darini kwake na cheche zikatua juu ya mabati. Nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi uani, anakunywa kahawa. "Boriti hazikuamka hata," alisema.

Sasa lazima nieleze juu ya kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara. Kwetu mwenye jambo halisemi jambo lake. Kijana akitaka kuoa, si yeye wala baba yake atakayefungua mdomo, bali msemaji aliyechaguliwa. Kwenye kuondoa matanga ni hivyo hivyo, na kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba pia. Na msemaji mzuri haendi moja kwa moja kwenye jambo. Anashukuru kinywaji, anauliza hali ya mvua, anasimulia safari iliyowaleta, anapita nyuma ya nyumba na kurudi mbele, mpaka wenyeji wenyewe waanze kuitamani ile sentensi anayoificha. Anayelisema jambo mara tu anapoketi huonekana hana kwao. Na msemaji akishapewa neno, aliyempa hanyanyui tena mdomo, hata mambo yakiharibika. Kumkatiza ni kumvua nguo mbele za watu.

Mimi nilikuwa mzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, maana ndio ushahidi dhidi yangu. Nimesimama kwenye posa za watoto wa wenzangu, wa majirani, wa watu nisiowajua. Wazee wa upande wa pili walinipigia makofi nilipokuwa nikiomba binti yao, na mara moja baba mmoja aliniambia angenipa hata wa pili. Watu walinijia Carama wakiwa wamevaa suti. Nilianza kulipenda hilo kuliko inavyofaa.

Mwaka juzi mume wa Bibi alifariki. Bibi akaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi asingetoka, asingejipamba, wala asingekaa mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Nilipokwenda kumpa pole aliniongelesha nyuma ya rido ya kijani, pazia lililotenga chumba chake na kile chumba changu cha zamani, ambacho sasa kilikuwa sebule. Niliona vidole vyake vya miguu tu, chini ya pindo.

Ndani ya eda hiyo mwana wa kaka yake alikuja kutoka Maskati. Alikuwa kijana mpole mwenye adabu, na sitaki mtu amfikirie vibaya. Nyumba ilikuwa ya urithi, ya Bibi na kaka zake, na watoto wa kaka hao walitaka kuiuza ili lijengwe jengo la ghorofa. Yule kijana alimwambia Bibi maneno haya, nami nikiwepo: "Shangazi, tutaleta mhandisi ambaye wewe na sisi tumemkubali. Akisema nyumba ni nzima, utakaa mpaka Mungu akuchukue na hakuna atakayekugusa. Akisema dari ni hatari, tutauza, kwa sababu hatutaki ikuangukie." Ulikuwa mpango wa haki, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Bibi alikubali bila wasiwasi, kwa kuwa alizijua boriti zake.

Siku moja kabla ya mhandisi kufika, aliniita.

"Mwalimu, we ndo utasema," sauti ikatoka nyuma ya rido. "Mi siwezi kutoka. Sikia vizuri. Ataona ule muti wa tatu umepinda, atafikiri zote ziko hivyo. Umuambie ule ni karatusi, si boriti. Agonge zile zingine. Aweke muti mupya pale, basi. Ni hayo tu."

"Ni hayo tu, Bibi?"

"Ni hayo tu. Sina nyumba ingine, mwalimu."

Nikamwambia alale salama, jambo liko mikononi mwangu.

Ningefanya nini na sentensi tatu? Nilirudi Carama nikiwa na hisia ya mtu aliyepewa kazi ndogo kuliko uwezo wake. Jioni nzima nilipanga. Nilikumbuka kile kibanzi cha padri. Nilikumbuka tofauti ya nguzo na boriti, jambo nililokuwa nikilifundisha darasani: nguzo husimama, watu wakaiona na kuisifu, hata dini na familia tukazipa nguzo, boriti hulala, na hakuna anayeinua shingo kuishukuru. Niliongeza neno mhimili, kwamba linatokana na kuhimili. Niliongeza inkingi ya Kirundi, ambayo nayo ni nguzo. Mke wangu aliuliza kama kuna posa. Nikamwambia ni zaidi ya posa.

Mhandisi alifika saa nne asubuhi, mtu wa makamo mwenye kofia ya plastiki na daftari. Yule kijana wa Maskati alileta kahawa na tende, kisha akaketi pembeni. Rido ya kijani ilitikisika kidogo, nikajua Bibi ameshaketi nyuma yake. Mhandisi alikunywa kikombe kimoja, akasimama, akatazama juu.

"Mwalimu, niko na kazi ingine saa tano," akasema, kwa Kiswahili chetu cha hapa. "Nionyeshe tu. Muti gani uko mubaya?"

Nimeliwaza swali hilo mara nyingi. Aliuliza lile lile lililopaswa kujibiwa, kwa lugha ambayo Bibi aliielewa, na jibu lilikuwa neno moja na kidole.

Nilijibu kwa Kifaransa. Watu wa ofisini hapa hudhani mwalimu wa Kiswahili hajui Kifaransa, na kwa miaka thelathini nimekuwa nikijibu dharau hiyo hata pale ambapo hakuna aliyenidharau. Nilisema, kwa Kifaransa cha kupiga pasi, kwamba kabla ya kujibu swali zuri kama hilo, naomba ruhusa ya kurudi nyuma kidogo, hadi kwenye neno lenyewe.

Nilirudi nyuma sana. Nilieleza boriti ni nini. Nilisema neno limetoka Kiarabu. Ndiyo, nilisema hivyo, ndani ya nyumba ile ile niliyofundishwa kwamba sivyo. Nilihitaji liwe limetoka Kiarabu kwa sababu nilikuwa nimetunga mzizi wake, mzizi wenye maana ya kustahimili kimya kimya, na mzizi huo ungenipeleka vizuri kwa mjane aliyeketi nyuma ya pazia. Mhandisi alitikisa kichwa kukubali. Nikaleta kibanzi na boriti, akacheka. Nikapata moto. Nikapita kwa nguzo, mhimili, inkingi. Kila mara nilipolitaja neno boriti nililitamka kwa Kiswahili katikati ya Kifaransa, kwa mkazo, na kila mara rido ilitikisika kidogo.

Wakati mimi nipo kwenye nguzo, mhandisi alitoa bisibisi mfukoni. Alipanda kwenye kiti, akaufikia mti wa tatu kutoka mlangoni, ule uliolegea, akausukumia ncha ya bisibisi. Iliingia kama kwenye mkate. Unga wa mti ukamwagika kwenye kofia yake. Niliona. Nilijua alichokuwa amegusa, na nilijua kwamba sentensi ya Bibi ilitakiwa pale pale, dakika ile. Lakini nilikuwa katikati ya fungu zuri, na ndani yangu kitu kikaniambia: maliza kwanza, utafika.

Simu yake ikalia. Aliongea, akashuka, akajipangusa unga. "Mwalimu, asante sana, nimejifunza mambo," akasema. "Kama kuna observasyo, maoni yoyote, mutuandikie mbele ya Ijumaa." Akaandika mistari miwili kwenye daftari, akampa mkono kijana wa Maskati, akaondoka. Nilikuwa sijatoka kwenye utangulizi.

Nilibaki nimesimama. Nyuma ya rido Bibi alisema, "Asante, mwanangu. Mungu akupe umri."

Hapo ndipo ningeweza kuliokoa jambo. Ningeweza kumkimbilia yule mtu barabarani. Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Nilichofanya ni kujiambia kwamba barua ina uzito kuliko maneno, na kwamba nina siku nne. Niliiandika barua ile usiku, kwa siku tatu mfululizo. Ilianza na asili ya neno. Niliona aibu kuandika kwa mhandisi barua ya sentensi tatu kama mtu anayeagiza misumari. Nilibadilisha vivumishi. Karatasi ya kwanza ilijaa kabla mkaratusi haujatajwa. Ulitajwa kwenye ya pili, kuelekea chini. Ijumaa shule ilikuwa na mkutano wa wazazi. Nikaipeleka Jumatatu, si kwa mhandisi tena bali kwa kijana wa Maskati, nikidhani atapenda kuiona kwanza.

Alikuwa na ripoti mkononi tayari. Ukurasa mmoja. Ilisema dari imebebwa na miti ya zamani iliyooza ndani, na mtu asikae chini yake. Aliisoma barua yangu amesimama, ukurasa wa kwanza wote, taratibu.

"Mwalimu," akasema, "umeandika vizuri sana."

Na mimi, ni aibu kulisema, nilifurahi. Sekunde moja tu, lakini nilifurahi. Kisha nikamwambia kuna jambo kwenye ukurasa wa pili. Akasema atausoma, akaikunja barua, akaiweka mfukoni pamoja na funguo. Alishasaini mauzo na wenzake jana yake.

Eda ilipokwisha Bibi alihamia mtaa wa Buyenzi, kwa binti wa dada yake wa mama mmoja, kwenye chumba chenye dari ya plastiki nyeupe. Sikwenda kumsaidia kuhama. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha, na kweli nilikuwa nayo.

Nyumba ilivunjwa kiangazi. Nilipita pale kwa makusudi, ingawa nilimwambia mke wangu nakwenda benki. Kuta zilikuwa zimeshaanguka, na miti ilikuwa imepangwa kando ya barabara. Nilihesabu kumi na minane, mizima, imenyooka, myeusi kama siku ile niliyolala chini yake. Fundi mmoja alikuwa ameketi juu yake akinoa meno ya msumeno.

"Hii miti ni chuma, muzee," aliniambia. "Imetumalizia misumeno miwili. Nani alisema imeoza?"

Nikamuuliza kama wameukuta ulioharibika. Akanionyesha kwa kidole. Mkaratusi ulikuwa umekatika vipande viwili wenyewe, bila msumeno, na kuku wa jirani alikuwa akichakura unga wake akitafuta wadudu. Fundi alinipa kipande cha boriti, urefu wa mkono, walichokuwa wamekikata kwa taabu asubuhi ile. Nilikibeba ndani ya mfuko wa daftari za wanafunzi.

Baadaye, katika wiki ambazo sikuwa na usingizi mzuri, nilitafuta neno boriti kwenye kamusi. Moja inalipeleka Bara Hindi, kama baba yake Bibi. Nyingine inanyamaza. Hakuna hata moja inayoujua ule mzizi wangu wa kustahimili.

Buyenzi nilikwenda mwishoni, baada ya miezi mitatu. Niliahirisha kila Jumamosi, mpaka mke wangu aliponiuliza Bibi amenikosea nini. Nilibeba ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, kutoka Kajaga, ambao anawapenda, na kile kipande cha boriti. Njiani niliapa nitamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mafupi, bila utangulizi.

Aliketi kwenye mkeka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso tangu msiba. Amezeeka. Nilipompa kile kipande alikishika kwa mikono miwili, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi bado iko," akasema. "Unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

Mpwa wake alileta chai ya maziwa. Bibi akamwambia, "Huyu ndo mwalimu. Huyu ndo alinisemea. Watu wote waliniacha, yeye alimuambia yule enjenyeri kila kitu, na Kifaransa yote. Mi nilikuwa nyuma ya rido, nilisikia boriti, boriti, boriti. Alisema mupaka yule mutu akasimama." Yule binti akanitazama kwa heshima, akaniongezea sukari.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeapa. Lakini Bibi alikiweka kile kipande mapajani, akajiweka sawa kama mtu anayesubiri hadithi anayoipenda.

"Kifaransa mi sijui," akasema. "Niambie sasa kwa Kiswahili. Yale ulimuambia."

Nikamwambia. Nilisema: "Nilimwambia, miti ni kumi na tisa. Kumi na minane ni boriti ya mkoko, mizima, igongwe isikike. Mmoja tu, wa tatu kutoka mlangoni, ni mkaratusi, uliwekwa kwa muda, na huo ndio umeoza. Ubadilishwe huo, nyumba itasimama."

Ilinichukua muda mfupi kuliko kumeza tonge. Chai kwenye kikombe changu ilikuwa bado inatoa moshi.

Bibi alisubiri. Alidhani kuna zaidi.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Bibi."

Akatikisa kichwa polepole, akipapasa ule mti kwa kidole gumba.

"Na maneno mafupi hivyo," akasema, "yule mutu alikataa kuyasikia?"

Binti wa dada yake alikuwa bado amesimama na birika, ananitazama. Nikasema alikataa.

"Mungu amusamehe," akasema Bibi.

Nikaitikia amina.